Kuchanganya udongo wa matofali ya kufungamana kwa mashine: kwa anayeanza

"Fundi, nina mashine ya zege imekaa tu nyumbani. Siwezi kuchanganyia udongo wa matofali?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na likiisha hilo linafuata la pili: "Mbona mchanganyiko wangu unatoka madonge madonge?" La tatu huja baada ya mwezi, nalo ndilo linaloumiza: "Matofali yangu yanamomonyoka, simenti nimeweka ya kutosha, tatizo nini?" Nimeamua kuyajibu yote matatu hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukiamka kesho asubuhi uweze kuanza.

Nazungumzia matofali ya udongo na simenti kidogo, yale yanayofyatuliwa kwa mashine ya mkono na kupangwa kwa kufungamana bila udongo mwingi katikati, ambayo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi, waliyaeneza hapa Tanzania. Mimi nafanyia kazi Dodoma, kwa hiyo mifano yangu ni ya udongo wa huku. Tope la lipu na la matofali ya kukausha juani lina taratibu zake, nimeligusia karibu na mwisho.

Mashine ipi?

Zipo tatu ambazo utazipata bila kuhangaika sana.

Ya kwanza ni ya sufuria. Ni beseni kubwa la chuma lililotulia tuli, na ndani yake mapanga yanazunguka yakikwangua chini na pembeni. Hii ndiyo yenyewe. Mapanga yanausukuma udongo na kuukandamiza, hauna pa kukimbilia. Mafundi wa kuchomelea wanaitengeneza kwa mabati mazito na injini ndogo ya dizeli, na ukiagiza, sisitiza mambo mawili: mapanga yafungwe kwa nati ili yakiisha uyabadilishe, na juu pawe na wavu wa nondo.

Ya pili ni ya pipa, yaani ile ya zege. Pipa huinua na kuangusha. Kokoto zikianguka zinajichanganya zenyewe kwa uzito wake, lakini udongo wenye unyevu ukianguka unabiringika, na kila ukibiringika unaokota mwingine. Umewahi kula ugali wenye mabuje? Donge la nje limeiva, ukilikata ndani ni unga mkavu. Ndivyo inavyokuwa, nje udongo umelowa, ndani simenti kavu haijakutana na kitu. Kwa hiyo mashine ya pipa itumie kuchanganya vikavu tu. Maji yaongezwe nje, chini, kwa koleo. Hiyo ndiyo nusu ya kazi.

Ya tatu ni pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono. Zimejaa vijijini tangu enzi za Kilimo Kwanza, 2009 na kuendelea, na nyingi zimelala kiangazi chote zikisubiri mvua. Rota yake, yaani shafti yenye mapanga ya kulimia, inachanganya vizuri sana ukiitandikia udongo kwa tabaka jembamba. Shida yake moja ni sakafu. Ukifanyia juu ya ardhi ya kawaida, mapanga yanachimba na kuleta udongo wa chini ambao hukuupima, vipimo vyako vyote vinaharibika. Ukifanyia juu ya sakafu ya simenti bila kuinua rota, utanunua mapanga mapya.

Kama hujawa na mashine na unajenga chumba kimoja na sebule, usikimbilie kununua. Kodi, au changanya kwa koleo. Mashine inaanza kulipa pale unapofyatua kila siku.

Andaa hivi kabla ya kuwasha chochote

- Udongo uliochimbwa chini ya tabaka lenye mizizi na majani (futi moja hadi moja na nusu za juu weka kando, zitafaa bustani), umekauka na umechekechwa kwa chekecheke la matundu ya milimita 5 au 6
- Mchanga wa mto, iwapo udongo wako una mfinyanzi mwingi
- Simenti, mifuko imeinuliwa juu ya mbao
- Ndoo nne za lita 20 zinazolingana. Nasema zinazolingana kwa sababu nimeona watu wakipimia udongo kwa ndoo na simenti kwa karai
- Ndoo moja iliyotobolewa matundu madogo chini, au keni ya bustani
- Sakafu ngumu, walau mita 3 kwa 3, chini ya kivuli
- Makoleo mawili, toroli, nailoni au turubai
- Buti, glavu, barakoa ya vumbi
- Mashine ya kufyatulia, imepakwa oili chafu kwenye kalibu (kile kisanduku kinacholipa tofali umbo)
- Maji. Kisima chako kikiwa cha chumvi, kama vingi vya huku Dodoma, nunua maji ya bomba kwa kuchanganyia. Chumvi hujitokeza ukutani kama unga mweupe

Pima udongo kwanza, ni kisanduku tu

Tengeneza kisanduku cha mbao kisicho na mfuniko, ndani kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Paka oili. Jaza udongo wako uliochekechwa ukiwa umelowa vizuri, ushindilie kona zote, usawazishe juu. Weka juani siku 3 au kivulini wiki nzima. Udongo ukikauka utasinyaa. Usukume wote upande mmoja, kisha pima pengo lililobaki.

Pengo chini ya milimita 15: simenti ndoo 1 kwa udongo ndoo 18. Milimita 15 hadi 30: 1 kwa 16. Milimita 30 hadi 45: 1 kwa 14. Milimita 45 hadi 60: 1 kwa 12. Likizidi 60, udongo una mfinyanzi mwingi, ongeza mchanga na upime tena. Ni kipimo cha zamani, kimetembea dunia nzima pamoja na Cinva-Ram, mashine ya mkono iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, na sijaona sababu ya kukiacha.

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, achana nao kabisa. Wa kichuguu unafaa, ila karibu kila mara unahitaji mchanga.

Hatua za kazi

Mfano wangu ni wa udongo wa 1 kwa 16. Wewe weka hesabu ya kisanduku chako.

1. Piga hesabu ya mkupuo mmoja, yaani kiasi unachochanganya kwa mara moja, kwa kuangalia mashine ya kufyatulia. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo matofali ya watu wengi yanapofia. Watu wanne waliozoea wanafyatua matofali 40 hadi 50 kwa saa. Simenti ikishakutana na maji unapaswa kuwa umemaliza kufyatua ndani ya dakika 30, zikizidi sana 45. Kwa hiyo mkupuo wako ni wa matofali 20 tu. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 linakula karibu lita 7 na nusu za mchanganyiko kabla halijabanwa, basi matofali 20 ni lita 150, yaani kama ndoo 8. Udongo ndoo 8, simenti nusu ndoo. Basi. Mashine ya sufuria inaweza kumeza mara mbili ya hapo na injini isikohoe, na hapo ndipo mtego ulipo: mashine haichoki, ila simenti nayo haisubiri. Mwaka wangu wa kwanza nilichanganya mfuko mzima kwa mkupuo mmoja, tukafyatua hadi saa sita mchana. Matofali ya mwanzo bado yamo ukutani. Ya mwisho niliyashika baada ya wiki mbili yakaniachia unga viganjani.

2. Pima ukiwa umesawazisha mdomo wa ndoo kwa kipande cha ubao. Usishindilie. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa ndoo 1 na robo tatu hivi, kwa hiyo unakupa mikupuo mitatu na nusu, kama matofali 70. Mfuko ukikutolea matofali 120, usifurahi, rudia hesabu.

3. Washa mashine tupu. Iache izunguke dakika moja. Sikiliza beringi, tazama mkanda, hakikisha mapanga hayagusi chuma.

4. Weka udongo nusu (ndoo 4), simenti yote, kisha udongo uliobaki juu yake. Simenti ikitangulia chini ya sufuria inajibana pembezoni na haitoki. Ikiwa juu kabisa, upepo wa Dodoma utakusaidia kuigawa kwa majirani.

5. Changanya vikavu dakika 2 hadi 3. Usiangalie saa peke yake. Zima, chota kiganja, kipapase juu ya ubao mweupe au karatasi ya mfuko. Rangi iwe moja. Ukiona mistari ya kijivu au vidoa vyekundu, washa tena.

Kwa pawatila: tandaza udongo unene wa sentimita 10 hadi 15, nyunyizia simenti juu kama unavyonyunyiza chumvi kwenye nyama, inua rota iache nafasi ya vidole viwili toka sakafuni, pita mara tatu. Kisha geuza tabaka la chini kwa koleo, pita mara mbili tena.

Kwa mashine ya pipa: laza pipa karibu usawa, zungusha dakika 3, mwaga sakafuni. Udongo uwe mkavu kweli kweli. Ukiushika ukaacha unyevu mkononi, bado.

6. Maji sasa, na kwa mkono mwepesi. Ndoo yenye matundu, mashine ikiendelea kuzunguka, unyunyize kama mvua ya manyunyu. Usimwage. Kwa ndoo 8 za udongo mkavu anza na lita 10, halafu ongeza kidogo kidogo. Mara nyingi utaishia kati ya lita 16 na 24. Baada ya maji kuisha, dakika 2 hadi 3 zinatosha. Wa mashine ya pipa, wewe unafanya hili sakafuni kwa koleo: nyunyiza, geuza, nyunyiza, geuza.

7. Jaribu donge. Finya udongo kiganjani uwe kama chungwa dogo, uuachie toka usawa wa bega uangukie sakafu ngumu. Ukivunjika vipande vinne hadi sita, umepata. Ukisambaa kama unga, ongeza maji. Ukibaki donge au ukibonyea tu kama chapati mbichi, umezidisha. Ongeza udongo na simenti kwa vipimo vile vile, usiongeze udongo peke yake. Jaribio hili lifanye kila mkupuo. Udongo wa chini ya lundo una unyevu kuliko wa juu, na wa saa mbili asubuhi kuliko wa saa nane mchana.

8. Zima mashine, mwaga wote, funika kwa nailoni. Andika muda kwa chaki ukutani. Kijana anayechota kupeleka kwenye kalibu asiache lundo wazi, jua la huku linanyonya maji ndani ya dakika kumi.

9. Fyatua mfululizo mpaka liishe. Ndipo uwashe tena. Wakati wenzako wanafyatua, aliye kwenye mashine apime vikavu vya mkupuo unaofuata, asitie maji.

10. Kilichobaki baada ya dakika 45 hakirudi kwenye mashine. Usikiongezee maji ukadhani umekifufua. Kitandaze kwenye njia ya toroli.

11. Matofali yapange kivulini, yafunike kwa nailoni, siku ya pili anza kumwagilia. Siku 7 ndiyo kiwango cha chini, mimi nafanya 14. Usijengee kabla ya siku 28.

12. Kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kuondoka jioni, safisha sufuria. Tia mchanga mkavu na kokoto kidogo, zungusha dakika mbili, mwaga, kwangua, paka oili. Simenti iliyolala usiku ndani ya mashine itakudai tindo na nyundo asubuhi.

Mambo yanayoumiza watu

Koleo haliingii kwenye sufuria inayozunguka. Kijana mmoja niliyekuwa naye eneo la Nala aliona udongo umeganda pembeni, akaona kuzima injini ni kupoteza muda. Panga lilidaka koleo, mpini ukazunguka ukampiga kidevuni kabla hajajua kimetokea nini. Alipona, jino halikurudi. Tangu siku ile kwangu sheria ni moja: injini imezimwa na mkanda umetolewa, ndipo mkono au chuma kinaingia.

Pawatila usiirudishe nyuma rota ikiwa inazunguka. Inakuja kwenye miguu yako na huwezi kuishinda nguvu. Toa rota kwenye gia, ndipo urudi.

Khanga, mitandio, mashati yasiyofungwa vifungo, kamba za kofia: vyote mbali na mkanda na shafti. Kina mama wanaokuja kuchota udongo nawaomba wajifunge mkwiji, au wakae upande wa lundo. Watoto wasifike kabisa. Na simenti inaunguza ngozi polepole, hutasikia mpaka usiku, kwa hiyo vaa glavu.

Ukitaka tope badala ya matofali ya kufyatua

Hapa mambo yanageuka. Lipu ya udongo na uji wa udongo vinachanganyika vizuri kwenye mashine ya pipa, kwa sababu ni laini na maji ni mengi. Ila pangilia hivi: maji kwanza, kisha udongo uliolowekwa tangu jana, kisha mchanga, nyasi au pumba mwisho kabisa. Ukianza na udongo, unajishikiza chini ya pipa na hapo umeanza kugonga kwa nyundo.

Tope la matofali ya kukausha juani lichape kwa pawatila ndani ya shimo la kina kifupi. Pita mara mbili, lowesha, liache lilale. Asubuhi tia nyasi zilizokatwa urefu wa kidole, upite tena. Nyasi ndefu zinajisokota kwenye shafti ya rota mpaka inasimama. Wazee wa Kigogo walikanda tope la tembe kwa miguu, nao walililaza vile vile. Usiku mmoja wa kulowa unaufanya mfinyanzi ulainike kuliko saa nzima ya injini.

Ukikwama

*Madonge kwenye sufuria.* Umemwaga maji yote kwa pamoja, au udongo uliingia ukiwa na unyevu. Zima, pitisha mchanganyiko wote kwenye chekecheke haraka, ponda madonge, rudisha. Madonge yakiwa mengi hadi robo ya mkupuo, tupa.

*Mkanda unateleza, injini inalia.* Umejaza kupita kiasi. Sufuria isizidi nusu. Usikaze mkanda kabla hujapunguza mzigo, utaua beringi.

*Tofali linavunjika kona likitoka.* Mara nyingi ni kavu mno. Kama jaribio la donge lilikuwa sawa, basi udongo wako una mchanga mwingi. Changanya na wa kichuguu kidogo, rudia kisanduku.

*Tofali linang'ang'ania kalibu, au linavimba pembeni.* Maji yamezidi. Kama maji yako sawa, paka oili.

*Mabaka ya rangi kwenye tofali lililokauka.* Hukuchanganya vikavu vya kutosha. Rudi hatua ya 5. Maji hayatengenezi kilichoshindikana kikiwa kikavu.

*Yanamomonyoka baada ya mwezi.* Hili ndilo swali la tatu. Chukua tofali moja la siku 28, lizamishe kwenye ndoo ya maji kutwa na usiku kucha, kisha likwaruze kwa msumari. Likibaki gumu, tatizo liko ukutani kwako: msingi mfupi, paa lisilo na upenuo, mvua inapiga moja kwa moja. Likilainika, niulize kwanza swali moja kabla hujalaumu simenti: mkupuo wako ulikuwa wa ndoo ngapi? Mama mmoja wa Ihumwa alinijibu, "Tulikuwa tunaweka thelathini na mbili, baba, maana mashine ilikuwa inaweza." Matofali aliyofyatua nusu saa ya kwanza ya kila mkupuo yalikuwa mazima. Tuliyatambua kwa kuyagonga moja moja, yanalia kama chungu kilichoiva, tukajengea choo kwa hayo, na mengine tukayavunja yakawa kifusi cha sakafu.